Kamera Isiyodanganyika

Albamu ya harusi ya wazazi wangu ina picha kumi na nane, na katika zote kumi na nane mama yangu hana sura. Gauni lipo, jeupe, hata nakshi za mikononi unaweza kuzihesabu. Shada la maua lipo. Kamati ya harusi ipo, imejipanga mbele ya keki. Lakini pale ulipotakiwa kuwepo uso wa bibi harusi wa miaka ishirini na mbili kuna giza lenye macho mawili na meno. Mpiga picha alikuwa kaka yake, yaani mjomba wangu. Ilikuwa mwaka 1994, na hiyo ndiyo harusi ya kwanza aliyoipiga kwa kamera yake mwenyewe.

Naanza na albamu hii kwa sababu nataka kuzungumzia kamera za kidijitali zinazotengenezwa zifanane na kamera za mkanda. Makala nyingi nilizosoma kuhusu kamera hizo zinaizungumzia zamani kana kwamba ni mahali ambapo kila mtu alitoka vizuri. Nyumbani kwetu Mbagala tunajua kwamba si kweli.

Kwa ambao hawajakutana nazo: Septemba 2010, katika maonyesho ya Photokina mjini Cologne, Ujerumani, kampuni ya Fujifilm ilionyesha kamera iitwayo X100, na mwaka uliofuata ikaiingiza sokoni. Ndani ilikuwa ya kidijitali kabisa. Nje ilikuwa na umbo la kamera ya babu: juu rangi ya fedha, mwili umevikwa kitu kama ngozi, pete ya kubadilishia tundu la lenzi, na gurudumu la spidi lenye namba zinazosomeka. Nikon ikafuata na Df mwaka 2013, kamera ambayo hata uwezo wa kurekodi video haikuwekewa, halafu Zf mwaka 2023, iliyoazima umbo la FM2 ya mwaka 1982. X100 nayo ikaendelea kuzaa. X100V ya mwaka 2020 ilipendwa na vijana wa TikTok hadi ikaadimika madukani. X100VI ilitangazwa Februari 2024 kwa dola 1,599, yaani takribani shilingi milioni nne kabla ya kodi na gharama za kuisafirisha. Huku kwetu hiyo ni bei ya bodaboda mpya, na chenji inabaki.

Maelezo ya kwa nini kamera hizi zinapendwa huwa mawili. La kwanza linawahusu vijana kama mimi: tumechoka na simu, tunatafuta kitu chenye uzito mkononi na rangi ambazo hazifanani na za kila mtu. La pili linawahusu wapiga picha wa zamani: wanazipenda kwa sababu wanakumbuka ujana wao. La kwanza silibishii. La pili nililiamini hadi nilipoiweka moja ya kamera hizo mikononi mwa mtu aliyeishi kwa mkanda miaka kumi na tano.

Rafiki yangu wa Mwananyamala, ambaye anapiga picha za harusi na sendofu huku akimalizia shahada ya umahiri kama mimi, alinunua X100V iliyotumika. Akaniazima kwa wikiendi moja, na mimi nikaibeba hadi Tandika, kwenye fremu ya mjomba. Zamani fremu ile ilikuwa studio. Kulikuwa na pazia lenye mchoro wa maporomoko ya maji, stuli ya kuzunguka, kioo ukutani na kitana kilichofungwa kwa kamba ili wateja wasiondoke nacho. Leo ni wakala wa kutuma na kupokea pesa, fotokopi, na picha za pasipoti zinazotoka kwenye printa ukiwa umesimama. Pazia bado lipo, limekunjwa juu ya kabati.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Hiyo nini tena, umeokota mtumba?”

Nilimpa bila kuiwasha. Akaizungusha pete ya lenzi taratibu, akisikiliza mlio wake kila inapotua kwenye namba. Akaitazama juu. “Nane, mia na ishirini na tano,” akasema, kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha. Tundu la lenzi lilikuwa kwenye nane, spidi ilikuwa moja ya mia na ishirini na tano ya sekunde, na kamera ilikuwa imezimwa. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikuwa nimelipata kwenye makala. Kamera ya kidijitali ya kawaida ukiizima inakuwa bubu. Ukitaka kujua imepangwaje, uiwashe, usubiri skrini, uingie kwenye menyu. Hii unaiona ilivyo hata ikiwa imelala. Kwa mtu aliyezoea kuandaa picha kichwani kabla hajainua mkono, hilo ni jambo la kazi kabisa. Ni sawa na fundi seremala kuziona randa zake zimening'inia ukutani badala ya kufungiwa kwenye sanduku.

Halafu akafanya jambo lililonishangaza zaidi. Akashika ukingo wa gurudumu la spidi, akauinua juu kwa kucha mbili, akauzungusha. Pale ndipo ISO inapobadilishwa, na rafiki yangu mwenye kamera ilimbidi aangalie video ili apajue. Mjomba hakuuliza. Kamera yake ya zamani, Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, ina mtindo huohuo: unainua ukingo wa gurudumu la spidi, unaweka ASA ya mkanda wako. Tangu afunge studio mwaka 2009 hakuwa amefanya hivyo hata mara moja, lakini vidole vilikuwa bado vinajua njia.

Kama makala hii ingeishia hapo, ingekuwa makala ya kusifu. Ningesema kwamba kamera hizi zinawarudishia mafundi mikono yao, na ningekuwa nimesema kweli. Lakini inabidi nieleze kwanza mjomba alikuwa akilitumia gurudumu lile kwa kazi gani.

Mita iliyo ndani ya kamera haijui harusi ni nini. Inapima mwanga unaorudi kutoka mbele yake na kudhani kwamba dunia, ukichanganya vyote vilivyomo, ni ya kijivu cha katikati. Ukiielekeza kwenye gauni jeupe linalojaza picha, inadhani kuna mwanga mwingi mno, inakwambia upunguze. Ukiitii, gauni linatoka vizuri na uso mweusi ulio juu yake unazama. Ukipeleka mkanda kusafishwa, mashine ya lebo nayo ina wastani wake: inaona negativu imejaa weupe, inaitia giza tena. Mashine mbili zenye maoni mamoja, na anayelipa ni bibi harusi. Mjomba mwaka 1994 aliitii mita, kwa sababu kijitabu kilichokuja na kamera kilisema itii.

Nimeziona negativu za siku ile. Katika negativu kila kitu ni kinyume, kwa hiyo gauni la mama ni jeusi tii. Uso wake ni rangi ya chungwa iliyofifia, rangi ya plastiki yenyewe. Maana yake ni kwamba mwanga haukufika wa kutosha kuacha alama. Watu hudhani picha nyeusi inaweza kusafishwa upya ikatoka. Haiwezekani. Pale hakuna kitu cha kusafisha.

Baada ya hapo mjomba alijifunza kudanganya. Mkanda ukiwa wa ASA 100, anainua ukingo wa gurudumu, anaweka 64, na kwenye harusi yenye weupe mwingi anashuka hadi 50. Mita inadhani mkanda ni mzito, inadai mwanga zaidi, na mwanga huo wa ziada ndio unaoufikia uso. Gauni nalo haliharibiki, kwa sababu negativu ya rangi inastahimili sana mwanga uliozidi. Isichostahimili ni upungufu. Na lebo akawa anampa fundi maagizo kwa mdomo: angalia uso, achana na gauni. Namba ile iliyofichwa chini ya gurudumu ilikuwa ndiyo elimu yake yote, na aliipata kwa kuipoteza sura ya dada yake.

Jumapili tulikwenda wote Mbagala. Mama alikuwa amevaa dera jeupe, amesimama uani mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Mjomba akaweka tundu kwenye tano nukta sita, spidi akaiacha ijipange yenyewe, akainua ukingo, akashusha ISO kutoka 400 hadi 200. Akapiga. Tukaangalia. Dera zuri, uso giza. Akashusha tena hadi mwisho, 160. Uso ulevule. Akaigeuza kamera akaitazama kwa chini, kama mtu aliyeuziwa saa bandia.

“Hii namba haisikii uongo,” akasema.

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Kwenye kamera ya mkanda ile namba ni taarifa: unaiambia mita kwamba mkanda niliouweka ni wa aina hii. Taarifa inaweza kuwa ya uongo, na mkanda wenyewe haubadiliki. Kwenye kamera ya kidijitali ile namba ni amri. Ukiishusha, kifaa kinachonasa mwanga kinapungua nguvu kweli, mita inajua hivyo, inapunguza spidi kufidia, na picha inatoka na mwanga uleule. Gurudumu ni lilelile, linakaa palepale, linainuliwa vilevile, linalia vilevile. Maana yake ndiyo iliyoondolewa.

Hapa ndipo nina ugomvi na wanaoziita kamera hizi mrithi wa kamera za mkanda. Zimerithi ishara ya mkono. Walioziunda walijiuliza mpiga picha alikuwa anashika wapi, wakapatengeneza vizuri sana. Ila kwa mjomba ishara ile haikuwa mapambo ya kazi. Ilikuwa mabishano kati yake na kifaa ambacho, wakati kinaundwa, aliyekiunda hakuwa akifikiria watu wa Temeke.

Hilo silisemi kwa hasira tu. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada ameandika kuhusu kadi zilizokuwa zikiitwa “Shirley”, picha za mwanamke mweupe ambazo maabara zilitumia kwa miongo kadhaa kupanga rangi za mashine zao. Rangi ya ngozi yake ikitoka sawa, mashine iko sawa. Kwa mujibu wa utafiti wake, malalamiko yaliyochangia Kodak kuboresha mikanda yake ili ishike vizuri rangi za kahawia yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka bidhaa zao zitofautiane kwenye matangazo. Miaka ya sabini, mtengenezaji filamu Mfaransa Jean-Luc Godard alipokuwa akifanya kazi Msumbiji, aliikataa mikanda ya Kodak akisema ina ubaguzi. Mjomba hakuwahi kusikia habari za Shirley wala za Godard. Alichojua ni kwamba mteja wa Tandika akija kuchukua picha na uso wake haupo, hela inarudishwa.

Sasa rudi kwenye X100V. Ndani yake kuna mipangilio inayoiga mikanda ya zamani ya Fujifilm. Mmojawapo, Classic Neg., unafuata rangi za Superia, mkanda wa boksi la kijani uliouzwa kwenye kila duka la picha mjini. Unaweza pia kuiongezea picha chenga, kwa makusudi, kidogo au nyingi. Nakiri kwamba ndiyo niliyoipenda kuliko yote. Jumamosi ile asubuhi nilikuwa nimempiga bibi yangu jikoni, kwenye moshi na mwanga hafifu, Classic Neg., chenga za kutosha, nikaiweka mtandaoni. Watu wakaandika kwamba inagusa, kwamba inaonekana kama picha ya enzi za Mwalimu. Nilimwonyesha mjomba nikitarajia sifa.

“Mbona ina chenga?”

“Ndiyo mtindo, mjomba.”

“Na uso wa mama umeupeleka wapi?”

Bibi ni mama yake. Nilitazama tena picha yangu. Moshi ulikuwa mzuri, sufuria lilikuwa zuri, mstari wa mwanga kwenye kanga ulikuwa mzuri. Uso wa bibi ulikuwa giza lenye macho mawili. Nilikuwa nimerudia albamu ya mwaka 1994 kwa kamera ya zaidi ya milioni tatu, na nikapongezwa.

Sisemi chenga ni dhambi. Kila kizazi kina haki ya kuchezea makosa ya waliotangulia, na picha yenye chenga inaweza kuwa nzuri. Ninachosema ni kwamba kuna tofauti kati ya anayeuita upungufu wa mkanda ladha na aliyelipa fidia kwa sababu ya upungufu huo. Tunapouita uzuri wa zamani, tuulize ni zamani ya nani. Wapiga picha wetu hawakuwa wakitafuta chenga. Watu wa Unguja waliokwenda Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na watu wa Mombasa waliokwenda kwa N. V. Parekh, walikwenda waonekane walivyotaka kuonekana. Enzi zile studio zilipanga taa kwa ajili ya picha, na zilirekebisha negativu kwa ncha ya penseli. Omar Said Bakor kule Lamu alikata na kuunganisha picha ili kumtengenezea mteja dunia ambayo kamera peke yake isingeweza kuiona. Ukiitazama historia hiyo, kazi ya mpiga picha wa pwani ilikuwa kukishinda kifaa. Kamera za leo zenye sura ya zamani zimekumbuka kifaa, zikamsahau aliyekuwa akikishinda.

Hata hivyo X100V ina jambo moja ambalo limenifanya niirudishe kwa rafiki yangu kwa shingo upande. Juu, pembeni kulia, pale kidole gumba kinapofika chenyewe, kuna gurudumu la pili lenye namba kuanzia kutoa tatu, kupitia sifuri, hadi kujumlisha tatu. Kazi yake ni moja tu: kumwambia mita kwamba amekosea, na kwa kiasi gani. Ule uongo wa mjomba, ambao kwenye Pentax ulikuwa siri chini ya ukingo wa namba nyingine, hapa umepewa kiti chake, waziwazi, bila kudanganya mtu. K1000 haikuwa na gurudumu hilo. Kwa hiyo jambo lenye manufaa kuliko yote kwa mpiga picha wa zamani katika kamera hii ya kizamani ni lile ambalo kamera yake ya zamani haikuwa nalo. Watangazaji wanatuuzia ngozi na rangi ya fedha. Mimi ningetangaza gurudumu hilo. Ningesema: hapa pamewekwa nafasi ya ujuzi wako, na unaweza kuigusa hata kamera ikiwa imezimwa.

Nilimwonyesha mjomba pale uani. Akaweka jicho kwenye kitazamio, akazungusha hadi kujumlisha moja, na kwa kuwa kitazamio kile kinaonyesha picha itakavyotoka kabla hujabonyeza, nilimwona akitulia. Hakubonyeza. Akatoa jicho, akamtazama mama kwa macho yake, akarudisha jicho.

Tatizo likahamia ukutani. Chokaa iliungua, ikawa weupe mtupu usio na hata alama ya brashi. Ikabidi nimweleze kwamba kwenye dijitali mambo yamegeuka: giza linaweza kuokolewa kiasi, lakini weupe ukishaungua umekwenda. Alilifikiria hilo kwa muda, akiwa na miaka yake yote ya kujaza mwanga nyuma yake. Halafu hakugusa namba yoyote. Alimwambia mama atoke ukutani aje kwenye kivuli cha mwembe, ageuze bega, ainue kidevu. Hiyo haipo kwenye gurudumu lolote.

Akapiga picha tatu. Tulizitazama kwenye kiskrini tukiwa tumebanana watatu. Uso wa mama ulikuwapo wote: paji, kovu dogo la utotoni juu ya nyusi, mistari miwili kando ya mdomo, alama za miwani puani. Mjomba alinyamaza. Nilidhani atasema kitu kuhusu harusi, na nadhani mama naye alidhani hivyo, maana aliiwahi nafasi hiyo kabla haijajaa.

“Kaka, punguza kidogo,” akasema. “Makunyanzi yote haya ya nini?”

Mjomba akarudisha gurudumu nyuma, mlio mmoja.